Miaka Mitatu ya Mgeni, Miaka Mitatu ya Kichanga

Mtu anayeishi Minneapolis au Munich akiona kwenye simu picha ya kichanga anayelelewa kituoni Usa River, mkoani Arusha, moyo ukamtuma kumchukua awe mwanawe, sheria ya Tanzania haimruhusu. Awe na fedha, awe na ndoa iliyotulia, awe na barua ya mchungaji na ya daktari, bado haimruhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni anayeomba kumuasili mtoto wa Kitanzania awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Hapa hakuna wakala wa kupokea ada na kukutafutia mtoto, wala hakuna foleni ya majina ambayo mtu anajiandikisha akiwa kwao na kungoja apigiwe simu, kama ilivyokuwa kwa China na Ethiopia kwa miaka mingi. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaosimamia watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Badala yake imeufanya ukaazi kuwa kipimo: tukufahamu kwanza, ndipo tuzungumze habari za mtoto.

Naliunga mkono sharti hilo, na sababu nitazitoa. Lakini miaka hiyo hiyo mitatu ina uzito mwingine kabisa ikihesabiwa kwa umri wa anayelala kwenye kitanda cha kituo. Kwa mtu mzima aliyekuja Arusha kikazi, miaka mitatu ni mkataba mmoja. Kwa mtoto aliyeletwa akiwa na siku chache, miaka mitatu ndimo alimojifunza kukaa, kutambaa, kutembea, kusema, na kujua nani huja akilia. Mazungumzo mengi kuhusu kuasili hujaa uchungu wa wanaotaka kuwa wazazi, na uchungu huo ni wa kweli. Hata hivyo anayesubiri kwa gharama kubwa zaidi ni mtoto, na muda wake hakuna anayeuulizia.

Katika miji mingi ya Tanzania sharti la ukaazi lingeufunga mlango moja kwa moja, kwa kuwa mgeni wa kukaa miaka mitatu ni nadra. Arusha ni tofauti. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kufungwa Desemba 2015, ilileta mjini wanasheria, wakalimani, wapelelezi na makarani kutoka kila upande wa dunia, na wapo waliokaa hapa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Taasisi iliyorithi kazi zake ipo Lakilaki. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo. Ongeza wenye kampuni za utalii, marubani, walimu wa shule za kimataifa, madaktari wa kujitolea na watu wa makanisa. Tena mgeni kwa macho ya sheria si Mzungu peke yake. Mkenya, Mrundi au Mganda aliyeajiriwa Jumuiya, anayenunua nyanya soko moja na wewe na kusali kanisa moja na wewe, naye ni mgeni, na miaka yake mitatu inahesabiwa vilevile.

Hao ndio wanaoweza kuanza, na wanaanzia kwa watu wa ustawi. Anayekaa Njiro au Kijenge anakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa Jiji la Arusha. Wa Tengeru au Usa River, Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Wa Ngaramtoni, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Afisa anafika nyumbani, anauliza kipato, afya, ndoa na watoto wengine waliopo, anaangalia mtoto atalala wapi, kisha anaandika taarifa. Jalada linapanda hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mgeni anaongezewa mengine: asiwe na rekodi ya jinai kwao wala kwingineko, alete pendekezo la mamlaka ya nchi yake kwamba anafaa kulea, aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itautambua uamuzi na kumpa mtoto haki ya kuishi huko. Na kabla ya yote hayo iwe imeonekana kwamba mtoto huyo hakupata familia ya kumlea hapa nchini. Wanaosoma sheria hii haraka hukomea kwenye miaka mitatu, wakati sharti hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kisha mtoto anakuja nyumbani. Hapa ndipo utaratibu wa Tanzania unapoachana na ule uliozoeleka Marekani na Ulaya, ambako watu walikaa miaka na picha ya mtoto kwenye mlango wa friji, wakisubiri tarehe ya kupanda ndege. Sheria yetu inamtaka mgeni amlee mtoto kwa malezi ya kambo kwa miezi mitatu mfululizo au zaidi, chini ya macho ya afisa ustawi, ndipo Mahakama Kuu isikilize ombi. Kwa hiyo kusubiri kunafanyika mtoto akiwa mgongoni. Anaamka usiku, anaota meno, anaanza kuita mama, na yule anayeitwa mama hana hati yoyote ya kumfanya mama. Hawezi kumvusha Namanga kwenda Nairobi kwa mapumziko kama anavyofanya na watoto wake wa kuzaa. Simu ya ofisi ya ustawi ikiita, moyo unaruka. Yawezekana ni habari ya tarehe ya mahakama. Yawezekana ni habari kwamba shangazi wa mtoto amejitokeza Karatu na anamtaka mtoto wa marehemu mdogo wake.

Watu walioishi na hofu hiyo wanastahili kuonewa huruma, na simlaumu anayelia. Ila nasema wazi kwamba shangazi akijitokeza, akawa na nia na uwezo, utaratibu umefanya kazi iliyokusudiwa. Miezi ya malezi ya kambo imewekwa ili damu ya mtoto ipate nafasi ya mwisho ya kusikika kabla jaji hajaikata kisheria. Amri ya kuasili haina marejeo mepesi. Ikishatolewa, wazazi wa kuzaa hawana haki tena juu ya mtoto, jina linaandikwa kwenye daftari la watoto walioasiliwa kwa Msajili, na mtoto anaweza kuombewa pasipoti na kuondoka. Baada ya hapo shangazi hana mlango wa kubisha.

Anayeona tahadhari hii imezidi aangalie yaliyowapata majirani zetu. Uganda nayo ilikuwa na miaka mitatu kwenye vitabu: mgeni alitakiwa kukaa nchini miaka mitatu na kumlea mtoto miezi 36 kabla ya kuasili. Lakini mawakili waligundua njia ya pembeni. Waliomba mahakama impe mgeni ulezi wa kisheria tu, bila kuasili, na kwa amri hiyo mtoto akapanda ndege ndani ya wiki chache akaenda kuasiliwa Marekani. Mamia waliondoka hivyo mpaka bunge lilipobadili sheria mwaka 2016, likaifunga njia hiyo na kuweka mwaka mmoja wa ukaazi na malezi. Katika miaka hiyo familia moja ya Ohio, mtoto alipojua Kiingereza cha kutosha kueleza maisha aliyotoka, iligundua kwamba mama yake yu hai na hakuwa ameelewa kwamba anamtoa mtoto moja kwa moja. Walimrudisha. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na watu wengine kwa madai kwamba walishiriki mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi wa vijijini kwa ulaghai na rushwa.

Kongo ilikosea kwa upande mwingine. Septemba 2013 serikali ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto waliokwisha kuasiliwa. Walikuwa na hukumu za mahakama, wengine wana viza, wana wazazi halali Marekani, Ubelgiji, Ufaransa na Italia, wakabaki. Zaidi ya watoto elfu moja waliguswa na agizo hilo, na wengi hawakuruhusiwa hadi mwaka 2016. Fikiria mtoto aliyehukumiwa kuwa wa fulani akiwa na mwaka mmoja, akamwona huyo fulani uso kwa uso akiwa na miaka minne. Kama kulikuwa na udanganyifu, na dalili zilikuwepo, ulipaswa kuchunguzwa kabla ya hukumu. Kinshasa iliuchunguza baada yake, na wenye kulipa wakawa wale wasiojua hata kuna serikali.

Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni Novemba 2014, na Ethiopia, iliyowahi kuwa miongoni mwa nchi zilizotoa watoto wengi zaidi duniani, ilipiga marufuku kabisa Januari 2018. Upande wa wanaopokea nao umepungua. Marekani ilipokea watoto karibu 23,000 kutoka nje mwaka 2004. Mwaka wa fedha 2023 ilipokea 1,275. Uholanzi ilisimamisha maombi mapya mwaka 2021 baada ya tume kueleza dhuluma za miaka mingi. China iliufunga mpango wake mwaka 2024. Kwa hiyo anayeshangaa kwa nini Tanzania ni ngumu ajue kwamba dunia ndiyo imesogea kuelekea ilipo Tanzania, baada ya kuumia.

Sasa turudi kwa mtoto. Watoto wachanga wanafikaje kituoni katika mji huu na kwenye miteremko ya Mlima Meru? Wapo waliotelekezwa: kando ya njia, kwenye choo cha stendi, kwenye wodi ya wazazi baada ya mama kuondoka kimya. Hao wanaanzia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha ustawi, kisha kituoni, mara nyingi kwa jina walilopewa na muuguzi. Lakini si wote, wala nisingesema ndio wengi. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi vituoni duniani wana mzazi mmoja aliye hai, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na walezi wa vituo vya Arusha ataitambua hali hiyo.

Mfano wa kawaida ni huu. Mama anafariki akijifungua. Baba ni kibarua wa shamba la maua au anachimba mchanga, bibi yake mtoto ni mzee na ana wajukuu wengine wanne. Hakuna wa kunyonyesha, na kopo la maziwa ya unga linamaliza mshahara wa wiki. Kituo cha watoto kilichopo kwenye hospitali ya Kilutheri ya Nkoaranga kimewapokea watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na vituo kama Cradle of Love cha Usa River na Neema Village cha Arusha vinawajua vizuri. Makubaliano huwa ya heshima. Baba anasema, "Dada, nishikieni mpaka aanze kula ugali, nitakuja." Na wengi huja. Wanarudi mtoto akiwa na miaka miwili, wanamchukua, anakua kijijini kama wenzake. Watoto hawa si wa kuasiliwa na mtu, na kituo kilichomlea mmoja wao kikamrudisha salama kimefanya kazi kubwa kuliko kama kingempa wazazi wapya ng'ambo.

Tatizo linaanza pale baba anapokuja kila mwezi, kisha kila baada ya miezi mitatu, kisha Krismasi, kisha haji. Huenda ameoa na mke mpya hataki habari hizo. Huenda amehamia Mererani kutafuta tanzanite na simu haipatikani. Mtoto sasa hana hali inayoeleweka. Hawezi kupewa familia nyingine kwa sababu ana baba. Hawezi kwenda kwa baba kwa sababu baba hayupo. Kwenye ofisi jalada lake halina kosa lolote, kwa hiyo halimsumbui mtu. Anatimiza mwaka wa tatu, wa nne. Wageni wanaokuja kutembelea kituo wanamkuta ana furaha na anarukia kila mtu, wanampiga picha, wanasema watoto wa Afrika wana upendo. Mlezi mzoefu anaijua furaha hiyo na inamtia wasiwasi, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na mtu mmoja hujificha nyuma ya sketi ya mama yake akimwona asiyemjua.

Sayansi ya jambo hili haina utata mkubwa. Huko Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu yao kwa kura walipelekwa kwenye familia za kambo. Waliokwenda kwa familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na waliofaidika zaidi ni wale waliotoka kabla ya kufikisha kama miaka miwili. Mtu anaweza kusema Romania ya baada ya dikteta Ceaușescu si Arusha, na vituo vyetu vina joto na nyimbo ambazo wale hawakuwa nazo. Ni kweli. Lakini Katharin Hermenau, Tobias Hecker na wenzao walichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanyika hapa Tanzania, wakiwalinganisha watoto walioingia kituoni wakiwa wadogo, chini ya miaka mitano, na wale walioingia wakubwa. Walioingia wadogo walikuwa wameonja mateso zaidi na walikuwa na matatizo zaidi ya afya ya akili. Sidhani ubaya wa watu wanaofanya kazi vituoni ndio maelezo. Naona maelezo ni zamu: mlezi wa asubuhi si wa usiku, wa mwaka huu si wa mwaka jana, na mikono miwili haiwezi kubeba vichanga wanane. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe kwenye familia. Ni miaka mitatu ile ile.

Basi familia ziko wapi? Jibu la haraka la wengi ni kwamba Mwafrika haasili, ana ukoo. Jibu hilo lina ukweli na lina uvivu. Ukweli ni kwamba mlimani watoto wamekuwa wakihama nyumba tangu zamani bila karatasi: mjukuu anakwenda kukaa na bibi, mtoto wa dada anasomeshwa na mjomba, mke asiyejaliwa kuzaa analetewa mtoto wa mdogo wake amlee awe wake. Miongoni mwa Wameru jina la ukoo ndilo jina la mtu, na Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, Nanyaro na Sarakikya wanajuana kwa hilo kabla ya kuulizana kazi. Ukoo una wazee wake, washili, na mtoto wa marehemu hujadiliwa. Utaratibu huu umeokoa watoto wengi kuliko mahakama zote za Tanzania.

Uvivu ni kudhani kwamba unamfikia kila mtoto. Aliyeokotwa hana ukoo wa kumjadili. Na hata mwenye ukoo, nyuma ya huruma kuna shamba. Ardhi ya kahawa na migomba juu ya mlima imegawanywa kizazi kwa kizazi mpaka imekuwa vipande vya kupimia hatua. Wameru ni watu ambao mwaka 1952 walimpeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao ya Engare Nanyuki. Huwezi kutarajia wasihesabu anapoingia mrithi mpya. Sheria inamfanya mtoto aliyeasiliwa kuwa kama aliyezaliwa na wazazi wake wapya, na urithi ukiwemo. Sifa hiyo ndiyo inayomlinda mtoto, na hiyo hiyo ndiyo inayowafanya ndugu wa mume wakunje uso. Kumlea mtoto wa watu, sawa, Mungu atakulipa. Kumwandikia kihamba, yaani shamba la ukoo, hilo ni jambo la kikao cha ukoo.

Ndiyo maana wanaojitokeza zaidi wanapatikana mjini, mbali kidogo na macho ya kikao: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara, wanandoa waliooana miaka mingi bila mtoto, mwanamke asiyeolewa mwenye nyumba yake Sakina au Moshono. Sheria inamruhusu mwanamke Mtanzania asiye na ndoa kuomba. Nimewasikia baadhi yao wakieleza walivyokwenda ofisi za ustawi kwa aibu kana kwamba wanakwenda kuungama, na walivyokuwa wakifikiria namna ya kumweleza mama mkwe. Wapo waliojaribiwa kudanganya ujauzito. Kinachohitajika kwa watu hawa ni ofisi yenye mlango unaofungwa, afisa mwenye muda, na jibu la tarehe. Mara nyingi wanakuta afisa mmoja mwenye kata nyingi, asiye na gari, ambaye asubuhi hiyo ana kesi ya mtoto aliyebakwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema aiache hiyo ashughulikie ombi la kuasili.

Kwa Waislamu wa Arusha kuna suala jingine. Uislamu unasisitiza kumlea yatima na hapo hapo unataka nasaba yake isifutwe, abaki akiitwa kwa baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unaitaja kafala, yaani malezi ya namna hiyo, kuwa mojawapo ya njia halali za malezi, na Zanzibar imeiingiza kwenye Sheria ya Watoto ya mwaka 2011. Sheria ya Bara inamwachia Mwislamu malezi ya kambo tu kama hataki kuasili kunakobadili nasaba. Nadhani Bara ingejifunza kwa Zanzibar katika hili. Mtoto anapata nyumba ya kudumu, hapotezi jina, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya dini yake na mtoto.

Kundi linaloumizwa na sheria bila kukusudiwa ni ndugu walioko ng'ambo. Raia wa Tanzania anayeishi nje anaweza kuomba kuasili, ukaazi wa miaka mitatu haumhusu. Lakini Mmeru aliyechukua uraia wa Marekani amepoteza uraia wake hapa, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha kwa watu wazima. Kisheria yeye ni mgeni kama yule wa Munich, hata kama mtoto anayetaka kumlea ni wa marehemu dada yake. Na akivuka kizuizi hicho anakuta cha pili upande wa Marekani. Sheria yao ya uhamiaji ina milango miwili mikuu kwa mtoto wa nchi isiyo kwenye mkataba wa The Hague. Ama awe yatima kwa tafsiri yao, yaani wazazi wake wamefariki, wametoweka au wamemtelekeza, au mzazi aliyebaki hawezi kumtunza na ameandika kumwachia; ama awe ameasiliwa kabla ya miaka 16 na amekaa na mlezi wake chini ya ulezi wa kisheria kwa miaka miwili. Mtoto ambaye baba yake yupo Mererani na simu haipatikani haingii kirahisi kwenye mlango wa kwanza. Wa pili unamtaka mjomba aache kazi Houston aje kuishi Usa River. Matokeo yake ni kwamba ndugu wa damu, ambaye mtoto angemwita mjomba bila kufundishwa, anaishia kutuma fedha za maziwa kituoni kila mwezi. Kama kuna mahali Bunge lingelegeza sharti bila kumhatarisha mtoto, ni hapa: ndugu wa karibu anayethibitishwa na ukoo na ustawi asihesabiwe sawa na mtu baki.

Lipo jambo ambalo watu wa Arusha hulisema pembeni, na linapaswa kusemwa waziwazi. Kituo kinaishi kwa watoto waliomo. Mfadhili wa nje anatoa kwa kila mtoto, watalii na vijana wa kujitolea wanaletwa kuona watoto, na mji huu, kwa kuwa kwenye njia ya Serengeti na Kilimanjaro, unao wageni wa namna hiyo wengi. Sisemi kwamba wenye vituo wanawazuia watoto kwa makusudi. Nawajua wanaotafuta ndugu wa mtoto kwa pikipiki hadi Longido. Nasema mfumo wa fedha haumlipi anayemrudisha mtoto nyumbani. Kopo la maziwa likipelekwa kwa bibi kule Poli au Akheri kila wiki kwa miezi kumi na minane, pamoja na afisa wa kumpima mtoto uzito, gharama yake haifikii ya kumlisha, kumlaza na kumlipia walezi wa zamu tatu. Lakini bibi huyo hana picha ya kutuma kwa mfadhili. Vituo vinavyoelewa hili vimeanza kutoa msaada nje ya kuta zao, kwa akina mama walio katika hatari ya kuwaacha watoto, na huko ndiko fedha za wema zingepaswa kwenda kwanza.

Sharti la miaka mitatu kwa mgeni libaki. Limetuepusha na yaliyotokea Kampala, na mgeni aliyeishi kwetu, akajua Kiswahili cha sokoni na majirani wakamjua, atamlea mtoto ambaye hatalazimika kuanza utafutaji wa asili yake kutoka sifuri. Kinachokosekana ni saa ya upande wa mtoto. Siku kichanga anapoingia kituoni ianze kuhesabiwa: ndugu watafutwe kwa muda maalumu, kwa tangazo la redio, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa washili, baba aliyetoweka apewe notisi yenye tarehe, muda ukiisha afisa aandike uamuzi, mtoto arudi kwao, aende malezi ya kambo, au awe huru kuasiliwa, Mtanzania akitangulia. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, mwaka mmoja ni mwingi.

Halmashauri tatu zinazogawana mji na mlima zinaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji sheria mpya wala bajeti ya Dodoma. Kila robo mwaka, kwenye kikao cha madiwani, afisa ustawi asome idadi ya watoto walio chini ya miaka mitatu kwenye vituo vya eneo lake, tarehe kila mmoja alipoingia, na tarehe hatima yake ilipoamuliwa. Diwani wa Nkoaranga akisikia nafasi ya tarehe ya pili ikiwa tupu kwa mtoto yule yule mara tatu mfululizo, aulize kwa nini, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.